Kutafuta kumbukumbu ya kifo cha mzee wa ukoo katika hifadhi za Uskoti na Ayalandi: mwongozo kamili

Tarehe 14 Juni 1894, chombo cha matanga kilichobeba vijana wa kisiwa cha Achill, katika kaunti ya Mayo huko magharibi mwa Ayalandi, kilipinduka karibu na Westport wakati abiria wake wakienda kupanda meli ya Glasgow, na watu 32 wakafa maji. Tarehe 16 Septemba 1937, vijana kumi wa kisiwa hicho hicho, waliokuwa wamekwenda Uskoti kuvuna viazi, walifariki kwa moto wakiwa wamelala katika banda la vibarua mjini Kirkintilloch, na miili yao ikarudishwa kwao kuzikwa. Wote walikuwa watu wa Achill na wote walikuwa wakitafuta riziki ile ile ng'ambo ya bahari, lakini vifo vya 1894 vimeandikwa katika madaftari ya Ayalandi, na vya 1937 vimeandikwa Uskoti.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo mtafutaji anapaswa kuishika kabla hajafungua tovuti yoyote: kifo huandikwa pale kilipotokea, si pale marehemu alipozaliwa wala pale alipozikwa. Familia kwa kawaida hukumbuka kaburi na husahau hospitali. Ukiambiwa kwamba babu wa babu yako amelala Donegal, umeambiwa habari za mazishi tu, na kifo chenyewe huenda kilitokea katika chumba cha kupanga Glasgow, Greenock au Dundee. Katika karne ya 19 watu walivuka bahari ile nyembamba kwa wingi sana; sensa ya 1851 ilikuta Uskoti watu zaidi ya 200,000 waliozaliwa Ayalandi. Kwa hiyo anayetafuta katika nchi moja peke yake amefanya nusu ya kazi.

Tofauti kubwa kati ya madaftari ya nchi hizi mbili

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Ayalandi ulianza tarehe 1 Januari 1864, ingawa ndoa zisizo za Kikatoliki zilikuwa zikisajiliwa tangu Aprili 1845. Miaka hiyo tisa ya tofauti ina uzito wake, lakini yaliyoandikwa ndani ya madaftari yana uzito zaidi.

Kumbukumbu ya kifo ya Uskoti humtaja marehemu, kazi yake, hali yake ya ndoa, siku, saa na mahali alipofia, umri wake, sababu ya kifo, na kisha, jambo ambalo ni hazina kwa mtafiti wa ukoo, humtaja baba yake na kazi ya baba huyo, pamoja na mama yake na ubini aliozaliwa nao mama huyo. Wazazi waliokwisha kufariki huandikwa kuwa ni marehemu. Mwaka 1855, ambao ulikuwa wa kwanza, fomu ilidai mengi kuliko hayo: mahali marehemu alipozaliwa, muda aliokaa wilayani, na majina ya watoto wake wote pamoja na umri wao. Wasajili walilemewa na fomu ikapunguzwa mwaka uliofuata. Mwenye ndugu yeyote aliyefia Uskoti mwaka 1855, hata awe shangazi wa mbali, aanzie kwake.

Kumbukumbu ya Ayalandi haina wazazi. Ina jina, tarehe na mahali pa kifo, jinsia, hali ya ndoa, umri, kazi, sababu ya kifo na muda wa ugonjwa, kisha jina la mtoa taarifa, uhusiano wake na tukio, na anwani yake. Mjane huandikwa kwa jina la mumewe, na ubini wake wa kuzaliwa hautajwi. Kwa sababu hiyo, katika kata moja ya Donegal au Mayo unaweza kukuta watu watatu wa jina moja waliofariki ndani ya miaka mitano, na daftari lisikuambie yupi ni wako.

Ndipo njia ninayoipendekeza inapopata maana: utumie madaftari ya Uskoti kujua nasaba, na madaftari ya Ayalandi kujua mahali. Mtu aliyefia Ayalandi mwaka 1880 hatatajiwa wazazi wake katika kumbukumbu ya kifo chake, lakini dada yake aliyefia Paisley mwaka 1891 atatajiwa baba na mama, na wazazi wa dada ni wazazi wake pia, isipokuwa pale ambapo walichangia mzazi mmoja tu. Usimtafute mzee wako peke yake. Tafuta ndugu zake wote waliovuka bahari.

Hatua ya kwanza: pata mipaka ya miaka

Kabla ya kutafuta kifo, jua ni lini kwa mara ya mwisho marehemu alikuwa hai na ni lini kwa mara ya kwanza ametajwa kuwa amekufa. Chombo bora cha kazi hiyo ni ndoa za watoto wake zilizofungwa Uskoti, kwa sababu daftari la ndoa la Uskoti huwataja wazazi wote wanne wa maharusi na huonyesha nani kati yao ameshafariki.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Unamtafuta mzee wa ukoo wa Gallagher, ambaye familia inasema alifia Donegal. Binti yake aliolewa Glasgow mwaka 1872, na baba ametajwa bila alama ya umarehemu. Kaka wa binti huyo alioa Greenock mwaka 1879, na hapo baba ametajwa kuwa marehemu. Msako wa maisha mazima sasa umepungua kuwa wa miaka saba. Inabakia tahadhari moja: mtoto aliyekaa ng'ambo muda mrefu bila barua kutoka nyumbani angeweza kumtaja baba kuwa hai ilhali ameshazikwa, kwa hiyo mpaka wa mwanzo uulegeze kidogo, na mpaka wa mwisho uuamini zaidi.

Sensa nazo husaidia. Za Uskoti zinapatikana kuanzia 1841 hadi 1921, kila baada ya miaka kumi. Mke aliyeitwa mke mwaka 1881 na mjane mwaka 1891 amekupa mipaka ya kifo cha mumewe. Upande wa Ayalandi sensa kamili zilizosalia na kufunguliwa kwa muda mrefu ni za 1901 na 1911, ambazo National Archives ya Dublin imeziweka wazi bila malipo.

Hatua ya pili: madaftari ya Uskoti

Madaftari haya yako chini ya National Records of Scotland, na picha zake ziko katika tovuti ya ScotlandsPeople. Unajiandikisha, unatafuta katika faharasa bila malipo, kisha unanunua pointi za kukuwezesha kufungua picha ya ukurasa. Picha za vifo vilivyopita miaka 50 hufunguka popote ulipo duniani, iwe Mombasa au Muscat. Anayeweza kufika Edinburgh anaweza kulipia kiti cha kutwa katika kituo cha ScotlandsPeople na kusoma picha nyingi apendavyo, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mwenye orodha ndefu ya majina.

Mwanamke aliyeolewa mtafute kwa majina yote mawili, la mumewe na la kuzaliwa, kwa kuwa desturi ya Uskoti ilikuwa kumwandika kwa yote. Hapa ndipo jina la kawaida linapoacha kuwa tatizo: akina Mary Boyle ni wengi, lakini anayeonekana katika faharasa kwa tarakimu zile zile za ukurasa, mara moja kama Boyle na mara moja kama jina la mumewe, ni mmoja.

Ukishafungua picha, usome ukurasa mzima, ambao kwa kawaida una kumbukumbu tatu. Angalia pambizo. Ukiona maelezo kwamba kuna marekebisho yaliyoandikwa katika daftari la masahihisho, yafuate, kwa maana kifo cha ghafla, cha ajali au chenye shaka kilipelekwa kwa mwendesha mashtaka wa serikali, na matokeo ya uchunguzi wake yaliandikwa huko. Sababu ya kifo iliyoachwa wazi kwenye daftari kuu mara nyingi imejazwa kule. Kuanzia 1895 palikuwa na sheria ya uchunguzi wa ajali zilizoua watu kazini, na majalada yake yamo katika hifadhi hiyo hiyo ya Edinburgh. Kwa familia za wachimba makaa na mafundi wa meli, majalada hayo yana ushahidi wa wenzao waliokuwa kazini siku ile.

Mtoa taarifa ndiye anayeamua ubora wa yote uliyoyasoma. Mtoto mkubwa wa marehemu alijua ubini wa bibi yake. Mwenye nyumba ya kupangisha hakuujua, na msajili aliandika tu kile alichoambiwa. Ubini wa mama unapotofautiana kati ya kumbukumbu ya kaka na ya dada, pima nani alitoa taarifa wapi, kabla hujaamua kwamba umewapata watu wasiohusiana.

Hatua ya tatu: madaftari ya Ayalandi

Tovuti ya irishgenealogy.ie, inayoendeshwa na serikali ya Jamhuri ya Ayalandi, huonyesha picha za vifo vingi vilivyopita miaka 50 bila malipo yoyote. Kwa kaunti sita za kaskazini, yaani Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry na Tyrone, tovuti hiyo inaishia mwaka 1921, wakati kisiwa kilipogawanywa. Vifo vya kaunti hizo, vya kabla na baada ya mgawanyo, vinatafutwa katika ofisi kuu ya usajili ya Belfast, GRONI, ambayo ina mfumo wake wa mtandaoni wa kulipia. Kifo cha Belfast cha 1905 basi kinaweza kuonwa bure kupitia tovuti ya Jamhuri, na kifo cha Belfast cha 1935 hakionekani huko kabisa. Watu wengi hukata tamaa hapa kwa kutokujua mpaka huu tu.

Jambo la pili linalowachanganya wengi ni wilaya. Usajili haukufuata kaunti, bali miungano ya sheria ya maskini, iliyochorwa kuzunguka miji yenye soko na nyumba ya kuhudumia mafukara. Muungano wa Strabane ulikuwa na makao katika Tyrone lakini ulimeza sehemu ya Donegal. Wa Ballyshannon ulienea Donegal, Fermanagh na Leitrim. Ukimtafuta mtu wa mashariki ya Donegal, usikatae tokeo kwa sababu tu limeandikwa Strabane au Londonderry. Tafuta kwanza ni muungano upi ulihudumia kijiji chake, kisha utafute humo.

Faharasa ikikupa tokeo, fungua picha na uwe na subira ya macho. Ukurasa una kumbukumbu kumi, na zimeandikwa kwa mkono. Anza kwa kusoma mahali pa kifo. Mara nyingi limeandikwa jina la kitongoji, na Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingi vikiwa na majina yanayofanana. Kisha soma mtoa taarifa. Mwana, binti au mke anayetajwa hapo, pamoja na anwani yake, ndiye kiungo chako pekee cha familia, kwa kuwa wazazi hawamo. Jina la binti aliyeweka alama ya msalaba kwa kutokujua kuandika, ukilikuta tena kwenye sensa ya 1901 katika kitongoji kile kile, linakaribia kumaliza mashaka. Aliyefia nyumba ya mafukara alitolewa taarifa na mtumishi wa nyumba hiyo, na katika hali hiyo kumbukumbu haitakupa ndugu hata mmoja.

Sababu ya kifo katika vijiji vya mbali mara nyingi imefuatwa na maelezo kwamba haikuthibitishwa na daktari. Usishangae. Daktari aliishi mbali na alihitaji kulipwa, na familia zilisema zilichokiona, kama vile uzee, kikohozi au homa.

Majina na umri visivyotulia

Ufunguo wa misako mingi umo katika tahajia. Mc, Mac na O' viliongezwa na kuachwa kufuatana na msajili na hata kufuatana na nchi, hivyo familia iliyoitwa O'Donnell huko Ayalandi inaweza kuwa Donnell upande wa pili. Bridget anaweza kuandikwa Biddy au Delia. Patrick wa Ayalandi anaweza kuwa Peter Uskoti. Owen anaweza kuwa Eugene au Hugh. Na kwa Waskoti wenyewe, Jane, Jean, Janet na Jessie huweza kuwa mtu mmoja katika madaftari manne. Katika ScotlandsPeople tumia nyota kuwakilisha herufi zozote na alama ya kuuliza kuwakilisha herufi moja.

Umri uufanyie uvumilivu mkubwa zaidi. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, katika nchi ambayo wazee wake walizaliwa kabla ya usajili wa serikali, na kwa sababu hiyo utakuta mtu aliyekuwa na miaka 58 katika sensa ya 1901 akawa na 72 katika ile ya 1911. Kwa mtu aliyefariki uzeeni, tafuta miaka kumi kila upande wa umri unaoutegemea. Na mwaka wenyewe wa kifo uuongezee mmoja mbele, kwani kifo cha mwisho wa Desemba huandikwa Januari, na Ayalandi kuchelewa kulikuwa jambo la kawaida. Katika miaka ya mwanzo baada ya 1864 vifo vingi havikusajiliwa kabisa.

Waliokufa kabla ya usajili

Kwa Uskoti ya kabla ya 1855 unategemea madaftari ya zamani ya parokia, ambayo nayo yamo ScotlandsPeople. Ubatizo na ndoa zimehifadhiwa vizuri kuliko maziko. Parokia nyingi hazikuandika mazishi yenyewe bali ada iliyolipwa kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza, hivyo utakuta jina, tarehe na shilingi chache, basi.

Ayalandi hali ni ngumu zaidi, na inafaa kusemwa kwa usahihi, kwa kuwa watu husikia kwamba kila kitu kiliungua. Moto wa tarehe 30 Juni 1922 katika Four Courts ya Dublin, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, uliangamiza wasia za karne nyingi, sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851, na zaidi ya nusu ya madaftari ya parokia za Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana. Madaftari ya serikali ya vifo hayakuwamo humo, wala madaftari ya Kikatoliki. Haya ya Kikatoliki yamewekwa wazi na National Library ya Dublin hadi karibu mwaka 1880, ila mengi ni ya ubatizo na ndoa. Kwa maziko ya Wakatoliki, tazama pia madaftari ya Kanisa la Ayalandi yaliyosalia, kwa sababu makaburi ya zamani ya parokia yalizika watu wa madhehebu yote.

Waliokufa katika njaa kuu ya 1845 hadi 1852, takriban watu milioni moja, hawana kumbukumbu ya serikali ya kifo. Ni lazima kusema hivyo bila kumpa msomaji tumaini la uongo. Kinachoweza kupatikana ni daftari la nyumba ya mafukara pale liliposalia, au ndugu aliyetoweka kati ya ubatizo wa mtoto mmoja na sensa iliyofuata ng'ambo.

Nyaraka za pembeni zinazotaja kifo

Orodha za kila mwaka za mirathi za Ayalandi, kuanzia 1858, hutaja tarehe na mahali pa kifo hata pale wasia wenyewe ulipoteketea. Zipo bure National Archives, Dublin, na za wilaya za Armagh, Belfast na Londonderry zipo PRONI, hifadhi ya kumbukumbu ya Ayalandi ya Kaskazini, Belfast. Uskoti ina wasia za 1513 hadi 1925 katika ScotlandsPeople, na orodha ya kila mwaka ya mirathi tangu 1876. Usidhani mzee wako alikuwa fukara mno kuwamo. Wakulima wenye ng'ombe wawili wamo.

Kwa wasiokuwa na hata hao ng'ombe, kuna vitabu vya marekebisho vilivyofuata tathmini kuu ya ardhi ya Griffith ya 1847 hadi 1864. Mpangaji alipobadilika, jina lake lilikatwa na la mrithi likaandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, pamoja na mwaka. Patrick aliyekatwa na nafasi yake kuchukuliwa na mjane wake ni Patrick aliyefariki, pengine mwaka mmoja au miwili kabla ya wino ule. Vya kaunti sita vimewekwa mtandaoni na PRONI.

Katika Mitchell Library ya Glasgow kuna maombi ya misaada ya maskini tangu 1851. Mwombaji aliulizwa alikozaliwa, wazazi wake ni nani, watoto wako wapi, na mume alifariki lini. Kwa mhamiaji wa Kiayalandi, ambaye sensa ilimwandikia neno moja tu la nchi, hapa mara nyingi hutajwa kaunti na parokia. Aliyekuwa hajakaa parokia moja miaka mitano aliweza kurudishwa Ayalandi kwa nguvu, na ikiwa mzee wako anatoweka ghafla katika madaftari ya Uskoti baada ya ombi la namna hii, kifo chake kitafute katika muungano wa kwao.

Vyeti rasmi na waliofia nje

Picha ya mtandaoni inatosha kwa historia ya familia, lakini haitoshi kisheria. Mjukuu anayeomba uraia wa Ayalandi kupitia babu au bibi aliyezaliwa kisiwani, na wapo waombaji wa namna hiyo Nairobi, Dar es Salaam na ughaibuni, hudaiwa cheti rasmi cha kifo ikiwa mzee huyo ameshafariki. Kwa vifo vya Jamhuri, cheti huombwa General Register Office. Kwa vya kaskazini, GRONI. Kwa vya Uskoti, National Records of Scotland au msajili wa wilaya. Vifo ambavyo havijatimiza miaka 50 vinapatikana kwa njia hii pia, hata kama picha yake haionekani mtandaoni. Toa namba ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye faharasa, uepuke kulipia msako.

Kanuni ile ya mwanzo haibadiliki kwa waliokuja Afrika Mashariki. Askari wa Kiskoti au Kiayalandi aliyefia katika kampeni ya 1914 hadi 1918 atafutwe kwanza kwa Commonwealth War Graves Commission, ambayo inatunza makaburi ya Dar es Salaam, Tanga na Taveta, kisha katika kumbukumbu za kijeshi za nchi yake. Mmisionari, mkulima au mtumishi wa reli aliyefia Kenya ana kumbukumbu kwa msajili wa vizazi na vifo wa Kenya, na kama aliacha mali Uskoti, orodha ya mirathi ya Edinburgh itataja alikofia na tarehe, nayo ni bora kuanzia kwake, kwa kuwa msajili wa Kenya atakudai tarehe hiyo kabla ya kufungua daftari.